Majina Yakiisha, Rudi Dukani

Kwa miaka mingi nilimchukia mwongozaji wa filamu, yeyote yule, wa nchi yoyote ile, kabla hata sijajua kazi yake ni nini. Jina lake ndilo lililokuja mwisho. Likishatokea kwenye televisheni, likakaa kidogo, likafifia, baba alinigusa begani kwa kidole kimoja na kusema, "Haya. Majina yameisha, rudi dukani." Nami nilirudi. Sinema ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Duka letu lilikuwa la vitambaa, katikati ya mji wa Kisii. Babu yake baba alikuja huku na biashara kutoka pwani, akaoa hapa hapa, na baba naye akamwoa mama yangu, binti wa wakulima wa Kenyenya, aliyesilimu siku ile ile ya nikahi. Mbele ya baba tuliongea Kiswahili, jikoni tukaongea Ekegusii. Baba alikuwa mtu wa kipimo. Mteja akimwomba amwongezee kitambaa kidogo, hata upana wa kidole, alimwonyesha alama kwenye rula yake ya mbao na kumwuliza kama anaiona. Watu walimwita bahili. Lakini hakuna aliyewahi kufika nyumbani akakuta kitambaa chake kimepungua.

Nyuma ya duka palikuwa na stoo ndefu isiyo na dirisha. Baba aliweka humo mabenchi, televisheni moja na deki, akatundika blanketi jeusi mlangoni, na hicho kikawa kibanda cha video. Kanda alizinunua kwa mafungu bila kujua ndani mna nini. Kila mchana walijaa vijana wa sokoni, wapiga debe na wanafunzi waliotoroka shule. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, aliruhusiwa kukaa benchi la mbele. Mimi sikuruhusiwa, kwa kuwa msichana haketi gizani na wanaume asiowajua. Leo nina binti yangu na sababu ile naielewa vizuri. Kuielewa hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

Lakini baba alihitaji mtu wa kushika blanketi. Wateja walikuwa na tabia ya kuchelewa. Walijua kwamba mwanzo ni majina tu, kwa hiyo waliingia wakati majina yanapita, wakikanyagana, na kila mmoja akiingia mwanga ulimwagika kwenye kioo na wenzake wakamtukana. Kazi yangu ilikuwa kulifunua blanketi kiasi cha mtu mmoja kupita, kisha kulishusha haraka. Majina yakiisha, kila mtu ameketi, blanketi halihitaji mtu. Nikawa mtoto pekee wa Kisii aliyeona sinema mia na zaidi bila kuona hata moja.

Filamu nyingine zilikuwa na huruma. Waliozitengeneza walianza hadithi yenyewe huku majina yakiendelea kupita juu yake, moja moja, bila haraka, na hapo niliweza kusimama dakika saba, nane, mkono wangu ukiuma kwa kushika blanketi, nikiomba watu wawe wengi. Nyingine zilikuwa na roho mbaya. Kioo cheusi, majina manne, kwisha. Nilirudi kwenye marobota ya vitambaa nikiwa sijaambulia kitu isipokuwa rangi ya herufi.

Basi nikajifunza kula rangi ya herufi. Herufi nyekundu zilizochanwachanwa kingo, na ngoma chini yake, hizo ni ngumi, na hazihitaji akili. Herufi nyembamba, nyeupe, zilizowekwa pembeni badala ya katikati, maana yake mwenye filamu anataka utazame kitu kingine, na kitu hicho kitarudi baadaye. Muziki ukitangulia picha, wanataka kukutisha. Picha ikitangulia muziki, wanataka uamini. Jina linalokuja peke yake karibu na mwisho, baada ya wenzake wote kupita makundi makundi, ni la mzee anayeheshimika, na mzee huyo mara nyingi atakufa. Hakuna aliyenifundisha haya. Niliyafundishwa na njaa.

Kaka ndiye aliyekuwa mlango wangu wa ndani. Kabla ya kurudishwa dukani nilimnong'oneza alipokaa, pale benchi la mbele karibu na blanketi: hii ni ya namna hii, itaishia hivi. Sinema ikiisha alikuja kuniambia kama nimepata. Bomba la uani kwetu lilikauka mara kwa mara, na chemchemi ilikuwa chini ya mteremko, kupanda kwake na mtungi wa lita ishirini ni adhabu. Tukakubaliana: nikipata, yeye anateka maji ya jioni. Nikikosea, nateka mimi. Baba alisimama palepale akisikia kila neno, akijifanya hasikii.

Nakumbuka moja kuliko nyingine zote. Ilianza kimya kabisa. Mwanamke alikuwa akiosha vikombe viwili kwenye karai, na sauti pekee ilikuwa ya maji. Majina yalikuja madogo, pembeni, kana kwamba yanaona haya kumkatiza. Alikiosha kikombe cha kwanza, akakifuta, akakiweka kabatini. Cha pili alikiosha mara mbili. Vijana mle ndani walikuwa wakipiga miluzi, wakitaka ngumi. Mimi nilikuwa nimesahau blanketi, na mtu mmoja aliyekuwa akiingia alizongwa nalo kichwani. Nilimnong'oneza kaka, "Mume wake hatarudi. Atabaki peke yake mpaka mwisho." Nilikuwa na uhakika kama nilivyokuwa na uhakika wa jina langu.

Jioni kaka alikuja akicheka. "Umekosea, dada. Mume alirudi, wakafanya sherehe, watu wakacheza. Mtungi huo hapo."

Niliteka maji siku ile nikilia, wala si kwa uzito. Nilikuwa nimekiona kikombe kile kwa macho yangu, na macho yangu yalikuwa yamenidanganya. Na haikuwa siku moja. Kwa miaka karibu minne nilikosea karibu kila siku, na karibu kila siku niliteka mimi. Polepole niliacha kunong'ona. Nilishika blanketi, nikatazama majina, nikaondoka kabla ya kuguswa begani.

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu aliyesimamia michezo ya kuigiza aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kaunti za huko ziwani, mkali, asiyesifu mtu ovyo. Akasema Nairobi kuna chuo kinachofundisha kutengeneza filamu, na alikuwa tayari kuniandikia barua na kuja kuzungumza na baba. "Una jicho," akasema.

"Sina, mwalimu," nikamjibu. "Mimi hukosea kila mara."

Alidhani ni unyenyekevu, akanirudia mara mbili. Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa ni taarifa, nami niliiamini. Barua haikuandikwa. Nilimaliza shule nikaingia nyuma ya kaunta kupima vitambaa, na rula ile ile ya mbao.

Kibanda kilikufa simu zilipoanza kuonyesha kila kitu. Baba aliziuza kanda zake zote, na deki juu, kwa fundi wa video aliyekuwa na studio ghorofa ya pili mtaa wa nyuma. Fundi huyo naye alikuwa mtu wa ziwani. Miaka yote aliyokaa Kisii hakuwa amejua Ekegusii zaidi ya salamu, na kazi zake nyingi zilikuwa za vijijini, harusi na mazishi. Alihitaji mtu wa kuongea na wateja. Wakati huo nilikuwa nimeolewa, nimeachika, nimerudi na mtoto mmoja. Nikaenda.

Nilianza kwa kutafsiri, nikaishia kuhariri. Fundi alikuwa na mwanzo mmoja tu kwa kila video: maua yanafunguka, herufi za dhahabu zinazunguka, kinanda. Aliuweka kwenye harusi na aliuweka kwenye mazishi, akibadilisha majina. Siku moja alikuja mama mjane kutoka Nyacheki na wanawe wawili kuchukua video ya maziko ya mume wake. Tulimwekea aitazame. Maua yalipofunguka tu akaweka mkono mdomoni.

"Yaya," akasema. Hapana. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, ili fundi naye asikie. "Hii ni ya arusi. Mzee wangu hakuwa anaoa. Munataka watu waseme alikuwa anaoa bibi mwingine?"

Fundi aliona aibu mpaka akatoka nje. Nilimwomba yule mama siku mbili. Nikachambua picha zote zilizopigwa, hata zile za kutupa, nikapata viatu vya mpira vya marehemu vimeachwa nje ya mlango wa jikoni, na kikapu chake cha kuchumia majani chai kimetundikwa ukutani. Nikaviacha vikae. Hakuna muziki, ni kuku tu na watu wakiongea mbali. Majina nikayaweka pembeni, madogo, meupe: jina la marehemu, la mke, na majina ya watoto. Yule mama aliitazama yote. Ilipoisha akasema, "Mbuya mono," vizuri sana, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tangu hapo wateja wa Nyacheki na Kenyenya wakaanza kuniulizia mimi.

"Lakini wewe unafanya majina marefu kuliko mazishi," fundi alinitania. Ilikuwa kweli, na nilijua kwa nini. Majina yakiwa yanapita, hakuna mtu anayefukuzwa.

Kanda za baba zilikuwa palepale studioni, rafu ya juu, zimeshika vumbi. Nilifanya kazi chini yake miaka mitatu bila kuzigusa. Zilinikumbusha mtungi. Kisha ikaja wiki moja ya mvua zetu za mchana, zile za kuufunga mji, ngazi hazina mteja, fundi amekwenda kwao. Nikapanda kwenye kiti, nikachukua kanda ya kwanza ambayo mkono uliifikia, nikaitia kwenye deki. Karai. Maji. Vikombe viwili.

Jina la mwongozaji lilipita, likafifia, na hakuna aliyenigusa begani. Niliitazama mpaka mwisho. Mume hakurudi. Katika picha ya mwisho kabisa mwanamke yule alikuwa peke yake, akikiosha kikombe cha pili.

Sikulia. Nilipanda tena kwenye kiti. Wiki ile nilitazama kanda kumi na moja, zile ambazo nilikumbuka bila shaka yoyote nilichomnong'oneza kaka. Mbili nilikuwa nimekosea kweli. Moja kati ya hizo ilianza na harusi na herufi za dhahabu, nikasema ni ya mapenzi, kumbe ilikuwa ya kisasi, na bibi harusi mwenyewe ndiye muuaji. Nyingine ilikuwa ya vichekesho nikaiona ya huzuni. Tisa nilikuwa nimepata. Tisa, na kila moja niliambiwa nimekosea, na kila moja niliipandia mteremko ule na maji kichwani.

Mtu atasema ni mchezo wa watoto. Kaka yangu alisema hivyo hivyo. Nilimfuata dukani, ambalo sasa lilikuwa lake, nikamwambia mbele ya wateja wawili waliokuwa wakishika shika vitenge, "Nilikuwa napata, na wewe ulikuwa unajua."

Hakujifanya hajanielewa. Alimaliza kukunja kitambaa. "Tulikuwa watoto, dada."

"Nilikataa chuo kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yangu." Aliteremsha sauti. "Baba ndiye aliniambia. Alisema, mwambie amekosea, huyu ataipenda sinema kuliko duka, na baadaye tutamtafuta Nairobi hatutamwona. Mimi nilifanya nilichotumwa. Na maji, sawa, maji niliyafurahia."

Nilitoka bila kuaga. Kama angesema tu kwamba alikuwa mvivu, ningemchukia nikamaliza. Lakini alikuwa amemtia baba ndani, yule aliyesimama pale mlangoni akisikia kila neno nililonong'ona. Baba asiyepunguza kitambaa cha mtu hata upana wa kidole, angenipunguzia macho yangu? Au kaka, mwongo wa kuzaliwa, alikuwa ameongeza uongo wa mwisho ili ajitoe? Watu wawili tu walijua, na mmoja wao nilikuwa siwezi kumwamini hata akiniambia mvua inanyesha.

Nilipanga kumwuliza baba Ijumaa ile, baada ya swala. Alhamisi alilazwa, kifua. Niliketi kando ya kitanda chake siku tatu nzima nikiwa na swali mdomoni. Alikuwa akipumua kwa kazi, na kila nikifungua mdomo nilijiona mshenzi, kumdai mgonjwa majibu ya kanda za zamani. Siku ya nne niliamua. Nilijiambia akishakunywa uji nitamwuliza kwa upole, akijibu kwa kichwa tu inatosha. Nikaenda nyumbani asubuhi kupika uji huo. Niliporudi na chupa, kaka alikuwa amesimama kwenye korido na mikono yake haina kazi, nikajua.

Bibi yangu wa Kenyenya, mama yake mama, tulimzika uani kwake, na nilisimama ukingoni mwa kaburi na kamera yangu mpaka bonge la mwisho la udongo. Kwa upande wa mama, mwanamke anaona mwisho. Kwa upande wa baba, jeneza lilitoka mlangoni kwetu baada ya swala ya alasiri likiwa limebebwa na wanaume, na sisi wanawake tukabaki ndani. Sina ugomvi na dini yangu. Nasema tu kwamba lilipopita kizingitini, mtu fulani alikuwa amelishika pazia la mlango ili lisikwame, na mtu huyo alikuwa mimi. Wote walitoka. Nikalishusha pazia.

Kaka alirudi jua likiwa limelegea. Hakuingia ndani kwenye mikeka ya wanaume. Alikuja uani nilipokuwa, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akavua kofia, akakwangua udongo mwekundu kwenye viatu vyake kwa kijiti. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaanza, sauti ya chini, taratibu.

"Asubuhi alikuwa ametulia," akasema. "Alikuwa akitazama dirishani. Alinishika mkono hapa, kwenye kifundo."

Nilimsikiliza jinsi alivyoanza. Kimya kwanza. Kisha dirisha. Kisha mkono. Maneno machache, yamewekwa pembeni, hayana haraka. Nilijua ni hadithi ya aina gani kabla hajafika popote. Ilikuwa ile ambayo mwishowe kila mtu anasamehewa.

"Akakutaja wewe," kaka akaendelea. "Akasema, yule mtoto alikuwa anapata. Mwambie alikuwa anapata zote."

"Zote?"

"Zote, dada. Ndivyo alivyosema."

Nilitaka kuamini. Naandika hapa wazi kwamba nilitaka, kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine katika maisha yangu, zaidi ya chuo, zaidi ya ndoa yangu iliyovunjika. Kama ningenyamaza tu, ningekuwa na baba aliyekiri na kaka aliyenifikishia. Lakini baba alikuwa akizicheza kanda zile mara kumi kumi, akisikia nilichosema kwa kila moja. Na baba alikuwa mtu wa kipimo; zile mbili nilizokosea kweli asingeziongeza kwenye tisa zangu.

"Baba angesema tisa," nikamwambia.

Kaka aliacha kukwangua viatu. Alinitazama, akatazama chini. Jikoni wanawake walikuwa wakiita kwamba maji yamekwisha na wageni bado hawajala. Aliinuka, akauchukua mtungi uliokuwa karibu na goti langu, akashuka nao kuelekea chemchemi, mtu mzima mwenye duka, katika kanzu yake ya mazishi.

Nilikuwa nimepata. Sijawahi kuchukia kupata kama siku ile.